Kila Mtu Ana Dawa ya Birika Jekundu

Ukitaka kujua Kiplombe, hapa Eldoret, ina mafundi wangapi, simamisha gari kando ya barabara ufungue boneti. Usiseme neno. Watakuja wenyewe: mwenye boda boda, mwenye kioski, mchunga ng'ombe, na mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuendesha trekta. Kila mmoja atachungulia, atatikisa kichwa, kisha aulize, "Madam, mzee yuko wapi?"

Mzee yuko kazini Lodwar, na kuhusu injini anajua mahali pa kutia petroli, basi. Gari ni langu, Probox ya mkopo wa sacco, na shuleni linanipeleka mimi. Hilo haliwazuii kuomba namba yake ya simu ili wanaume waelewane.

Tatizo ni taa. Ile nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi baridi inauma, oili ni nzito, na taa huzima vizuri injini ikishika. Nikifika kwenye foleni ya mjini, injini imeshapata moto, taa inaanza kunikonyeza. Mwishowe inawaka na kugoma kuzima.

Taa hii haina mchezo. Inasema presha ya oili imeshuka na beringi zinakaribia kusuguana chuma kwa chuma. Ukijifanya hujaiona kwa kilomita chache, injini itaanza kugonga, na ikishagonga anza kutafuta nyingine. Kwa hiyo unazima papo hapo, hata kama nyuma yako kuna lori la mahindi linapiga honi. Kisha unachomoa kijiti na kutazama kimo cha oili. Yangu ilikuwa kwenye alama ya juu kabisa. Nilimwonyesha kila fundi kijiti hicho, na bado wengi walinishauri niongeze oili.

Mwenye boda alisema nizime injini kidogo ipumzike. Nikazima, tukangoja, nikawasha, taa ikapotea. Jamaa akaondoka kifua mbele. Taa ilirudi hata kabla vumbi lake halijatulia.

Fundi wa kwanza alitaka nimwage oili ya 5W-30, ambayo ndiyo inayotakiwa na injini ile, niweke 20W-50. Ni kweli oili nzito hupandisha presha, lakini hupanda kwa sababu inapita kwa taabu, na beringi zinataka ifike. Wa pili aliegemeza bisibisi kwenye injini, akaitega sikio, akafumba macho, akatangaza ovahoo. "Injini imeisha, madam. Pigia mzee tuongee." Bei aliyotaja ingenunua ng'ombe wa gredi mwenye mimba. Wa tatu angalau hakuzunguka: alijitolea kutoa balbu. Usipoiona, alisema, haitakusumbua.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Huu ni mji unaopima kila kitu! Peleka mahindi kwa Bodi ya Nafaka unyevu ukizidi asilimia 13.5, utarudi nyumbani na magunia yako. Eliud Kipchoge alipomaliza mbio za marathoni kule Vienna mwaka 2019, hakuna mtu hapa aliyesema amekimbia "kama masaa mawili hivi". Tulisema saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na ole wake aliyekosea hiyo 40. Lakini presha ya oili tunaipima kwa sikio, kwa pua, na kwa kuangalia mwenye gari amevaa viatu gani.

Na geji zipo. Kwanza unachomoa waya wa swichi ya presha iliyo ubavuni mwa injini, waya mmoja tu. Taa ikiendelea kuwaka, basi waya umechubuka unagusa chuma mahali. Ikizima, unafungua swichi yenyewe, unafunga geji palepale na kuwasha injini. Hakuna mahali pa mzee katika shughuli hiyo.

Kijana niliyempata mwishowe hakumuulizia mzee. Aliuliza sampu, lile karai la oili chini ya injini, ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Ilikuwa imefunguliwa miezi michache nyuma, kwa kuvuja. Akafunga geji. Injini hiyo, 1NZ, kwenye raundi 3,000 inatakiwa kuwa kati ya pauni 22 na 80 kwa inchi ya mraba. Sindano ilianza vizuri, kisha ikateremka polepole ilhali raundi ziko palepale. Akazima, akangoja, akawasha. Ikapanda tena.

"Pampu iliyokwisha haiponi kwa kupumzika, madam. Kuna kitu kinavutwa kinaziba. Ukizima, kinaanguka."

Alishusha sampu, na kwenye chujio la kuvutia oili tukakuta vipande vya silikoni nyekundu vimejikunja kama minyoo. Aliyeziba uvujaji alimwaga gundi kwa ukarimu. Iliyozidi ilibanwa ikatokeza ndani, ikakatika, ikasafiri na oili hadi hapo. Dawa ilikuwa kusafisha chujio, kukwangua gundi kuukuu, kupaka mstari mwembamba na kuuacha ukauke, kisha filta mpya na oili mpya. Nililipa pesa ambazo hazingenunua hata mguu wa yule ng'ombe.

Basi, jirani, fundi akianza kutaja bei ya ovahoo kabla ya kufunga geji, mshukuru uondoke. Na ukienda kununua gari, geuza ufunguo bila kuwasha injini. Birika lazima liwake hapo, kisha lizime injini ikishika. Lisipowaka kabisa usitoe pesa: huenda fundi wa balbu alishapita.