Kuusifu Usahaulifu wa Waheshimiwa

Katika orodha ndefu ya magonjwa yanayomsumbua binadamu upo mmoja ambao waandishi hawajautendea haki, nao ni usahaulifu unaompata mheshimiwa akishakula kiapo. Ugonjwa huu hauna homa wala maumivu. Humshukia mgonjwa pale anapoinua mkono wa kulia na kuapa kwamba atasema kweli tupu, humkalia saa zote za kuhojiwa, kisha humwacha salama mlangoni, akikumbuka vizuri alikoegesha gari na jina la kila mwandishi wa habari asiyempenda. Umeonekana katika nchi nyingi, ila Marekani ndiko ulikotunzwa hadi ukawa fani, na ni haki sifa zake zianzie huko.

Somo la msingi la fani hiyo lilitolewa Ikulu ya Washington tarehe 21 Machi 1973. Rais Richard Nixon, mkuu wa watumishi wake H. R. Haldeman na mwanasheria John Dean walikuwa wakitafakari jinsi wasaidizi wa Rais watakavyojibu maswali kuhusu Watergate, kashfa iliyoanza kwa wezi kunaswa ndani ya ofisi za chama cha Democratic mwezi Juni 1972, endapo wangeitwa mbele ya jopo la mashtaka, yaani raia wa kawaida wanaokaa faraghani kuamua kama ipo sababu ya kumfikisha mtu mahakamani. Haldeman aliuliza kama mtu hawezi kusema tu kwamba amesahau. Dean akaonya kwamba hapo kuna hatari kubwa ya kushtakiwa kwa kiapo cha uongo. Rais, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria, akashauri kwamba mtu anaweza kusema hakumbuki. Wasomi wa balagha wameandika vitabu vizima bila kufikia ufupi huo.

Uzuri wa ushauri wenyewe unaonekana pale sheria inapoeleweka. Kiapo cha uongo si kusema jambo lisilo kweli tu, kwa kuwa hata mkweli hukosea. Ni kusema jambo ambalo msemaji anajua si kweli, na mzigo wa kuthibitisha kwamba alijua humwangukia mwendesha mashtaka. Shahidi akisema hakwenda kwenye mkutano, dereva, mlinzi wa getini na kitabu cha wageni wanaweza kumwumbua, lakini akisema hakumbuki kama alikwenda, mashahidi wote hao hugeuka wasaidizi wake, naye huwashukuru kwa kumkumbusha. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na hapa mtungi na kata ni mtu mmoja, tena mwenye wakili. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma ya kale, aliandika kwamba mwongo anapaswa awe na kumbukumbu nzuri. Fani hii imemwondolea mheshimiwa hata adha hiyo.

Sifa ya pili ni usuluhishi. Rais Ronald Reagan alipoulizwa na Tume ya Tower, aliyoiunda mwenyewe ili ichunguze jinsi serikali yake ilivyoiuzia Iran silaha kwa siri na sehemu ya fedha ikaishia kwa waasi wa Contra wa Nicaragua, kwanza alisema aliidhinisha mapema shehena ya Agosti 1985, baadaye akasema hakuidhinisha, na mwezi Februari 1987 akaiandikia Tume kwamba hakumbuki. Kati ya ndiyo na hapana, ambazo tangu zamani hazijawahi kukaa kitanda kimoja, usahaulifu uliingia kama mshenga na ugomvi ukaisha. Miaka mitatu baadaye, mjini Los Angeles, Reagan alitoa ushahidi wa kiapo kwa muda wa saa kama nane mbele ya kamera, kwa ajili ya kesi ya John Poindexter, aliyekuwa mshauri wake wa usalama wa taifa, na waliohesabu walipata mara 88 alizosema kwa namna moja au nyingine kwamba hakumbuki. Mwaka 1994 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, na huenda baadhi ya mara hizo 88 zilikuwa kweli kabisa. Ni zipi, hakuna awezaye kusema, kwa sababu usahaulifu wa kweli na ule wa kizimbani huvaa kanzu moja.

Alberto Gonzales, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, aliufikisha ugonjwa kwenye kilele chake. Tarehe 19 Aprili 2007 aliketi mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti kueleza kwa nini waendesha mashtaka kadhaa wa serikali kuu walifukuzwa kazi, akasema zaidi ya mara 60 kwamba hakumbuki. Miongoni mwa aliyoyasahau ni mkutano wa 27 Novemba 2006, uliojadili kufukuzwa huko, ambao nyaraka zilionyesha kwamba yeye alihudhuria na kwamba ulifanyika katika chumba cha mikutano cha ofisi yake mwenyewe. Alikumbuka kwamba aliamua, asikumbuke aliamua lini. Na uamuzi huo, aliousahau siku yake ya kuzaliwa, aliendelea kuutetea kuwa sahihi. Hata seneta mmoja wa chama chake alimshauri ajiuzulu, na mwezi Agosti akatangaza kuondoka.

Wapo watakaotaja kisa cha Lewis Libby, mkuu wa watumishi wa Makamu wa Rais Dick Cheney, aliyetiwa hatiani Machi 2007 ingawa alijitetea kwa kumbukumbu mbovu. Kisa hicho hakiupunguzii usahaulifu heshima hata chembe. Libby aliponzwa na kukumbuka: alidai kwa kiapo kwamba habari za jasusi mmoja wa CIA alizisikia kwa mwandishi Tim Russert, naye Russert akaja mahakamani kukana. Angesahau mpaka mwisho, pengine asingetiwa hatiani.

Hulaumiwa pia kwamba ugonjwa huu hauponi, na hilo ni kusingiziwa. Dawa yake ni mchapishaji. Mwaka 1990, uleule wa ushahidi wake wa Los Angeles, Reagan alitoa kitabu cha maisha yake chenye kurasa zaidi ya 700, na Gonzales alitoa chake mwaka 2016. Haldeman, mwanafunzi wa somo la Machi 1973, alitiwa hatiani kwa kiapo cha uongo tarehe 1 Januari 1975, akatumikia miezi 18 gerezani. Kumbe muda wote wa kazi yake Ikulu alikuwa akiweka shajara, yaani kumbukumbu za kila siku, na ikachapishwa mwaka 1994, miezi michache baada ya kifo chake. Nixon naye alikuwa amefunga vinasa sauti ofisini mwake. Ukanda wa siku ile, wenye sauti yake akifundisha kusahau, umo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa lake, na anayetaka kuusikiliza anaruhusiwa.