Jinsi ya Kushinda Shindano la Safari Salama ya Shule Bila Kuvuka Barabara

Kijana wangu wa Tabora, mwalimu ametangaza shindano: buni namna ya kwenda shule iliyo salama na isiyochafua hewa. Usihangaike. Wewe unataka kombe, hutaki kivuko. Sogea, nikunong'oneze.

1. Usitoke darasani. Ukisimama getini saa moja asubuhi utaona lori, vumbi, na bodaboda iliyobeba mishikaki ya watoto watatu wa darasa la pili. Ukishaona, itakubidi ufanye jambo. Funga dirisha.

2. Hoji watu kwa akili. Nenda Shule ya Wavulana Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1922, ileile aliyosoma Nyerere. Ni ya bweni. Kutoka kitandani hadi kwenye dawati hupishani na lori hata moja. Matokeo: ajali sifuri, moshi sifuri. Chora grafu ya rangi tatu. Wale wanaotembea kutoka mbali usiwaulize kitu. Watakutajia tuta, kivuli na pa kukanyaga, na utafiti wako utaisha kabla ya mapumziko.

3. Ogopa dawa ya bei nafuu. Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka shule za msingi likijenga njia za waenda kwa miguu, matuta na vivuko, na pengine kuhamisha geti lisitazamane na barabara kuu. Watoto wanaoumia wakapungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi ukatwaa tuzo ya kimataifa ya WRI Ross ya miji. Sasa hiyo ni sayansi? Rangi nyeupe na zege! Wewe buni bajaji ya sola inayojiendesha. Itengeneze kwa maboksi ya biskuti. Ikigoma kuwaka mbele ya majaji, sema mtandao unasumbua.

4. Historia iguse kwa mbali. Wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi ya ujira walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kilomita 800 hivi, na mzigo wa kilo kama 30 begani, kwa mstari mmoja, kirangozi mbele na bendera yake. Siku hizi Ulaya watoto huenda shule kwa kundi vivyo hivyo, mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Ukitaka kulileta wazo hilo, sema umelitoa Ulaya. Ukisema limetoka Unyanyembe, hapa hapa Tabora, majaji watauliza kwa nini halijaanza Jumatatu, na wazazi wa zamu watataka nao wapigwe picha.

5. Fyeka miembe. Njia ya misafara ya wapagazi hao inasifika kwa miembe yake hadi leo, na jua la Oktoba saa nane mchana halina huruma na kichwa cha mtoto. Lakini mti kwenye mchoro unaziba nembo ya mfadhili. Ukipewa miche, panda mbele ya kamera. Kumwagilia ni mradi mwingine, wenye bajeti yake.

6. Usitaje namba ya mwendo. Kibao cha kwenye makazi kinasema 50. Mkutano wa dunia wa usalama barabarani uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulitaka 30 mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachangamana. Wewe andika "mwendo wa busara". Busara haipigwi tochi, na hakuna dereva atakayekununia.

7. Mpokee mgeni rasmi vizuri. Atachelewa, kwa hiyo magari yake yatapita getini kwa kasi. Wapangeni wadogo zenu kando ya lami wapunge mikono. Msikilize akisifu bajaji yako, kubali kwamba itaanza kazi "fedha zikipatikana", inama kidogo, pokea cheti.

8. Rudi nyumbani kishujaa. Kutembea na kombe ni kujidhalilisha. Ita boda, pandeni watatu, nauli mchange. Wewe mshindi kaa katikati, cheti kisije kikachukuliwa na upepo.