Kontena Linakuja, Mjiandae

Minneapolis, Minnesota

Mjomba,

Sisi huku wazima. Hofu na mashaka ni juu yenu, hasa wewe uliye mwalimu mkuu, maana kontena la futi 40 linajazwa kwa ajili ya shule yako na watoto yatima wa hapo jirani, na mimi mpwa wako ndiye ninayelifungia maboksi.

Walutheri wa huku wana moyo, hilo silipingi. Wengi ni wajukuu wa Wanorwe na Waswidi, na Iringa wanaijua vizuri: Sinodi ya Saint Paul, hapa ng'ambo ya mto, ina ushirika na Dayosisi ya Iringa unaoitwa Bega kwa Bega, kwa Kiswahili hichohicho. Kila Jumamosi kina bibi wanashuka ukumbi wa chini ya kanisa, wanachemsha kahawa nyepesi hadi unaona kitako cha kikombe, halafu wanapokea. Hapo ndipo shughuli ilipo, Mjomba, katika kupokea. Orodha yako ilibandikwa ukutani vizuri kabisa: madaftari, taulo za kike, bati, fedha za madawati. Wiki iliyofuata mtu akabandika juu yake tangazo la chakula cha pamoja. Tangu hapo kila mmoja analeta kilichomjaa stoo.

Mtapata vichongeo vya penseli vya umeme. Mtapata mafaili ya pete tatu, nanyi mnatoboa karatasi matundu mawili. Mtapata fulana za Vikings, timu yao ya hapa, iliyofika fainali kuu mara 4 na kufungwa zote 4. Bibi mmoja alileta nguo zake za ndani, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa kama leso za harusini. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba TBS, shirika letu la viwango, hairuhusu nguo za ndani za mitumba. Akauliza TBS ni nani na wamemwonaje.

Kubwa zaidi ni la masweta. Mtu alileta maboksi na maboksi ya masweta mazito, mapya, ya watoto. Mwenyekiti wa kamati akayatoa yote, akaweka nguo za kuogelea, kwa kuwa Afrika kuna joto. Nikamwambia huko kwetu Mufindi ni milimani, mwezi wa saba ukungu unashuka kwenye mashamba ya chai na watoto wanakwenda namba huku wanatetemeka. Akatabasamu, akasema hilo linavutia. Hapa Minnesota, Mjomba, ukiambiwa jambo lako linavutia, kaa chini, umeshakataliwa.

Siku ya karatasi nikajaribu tena. Walikuwa wanapakia katoni za karatasi nyeupe, nzito za kuvunja mgongo. Nikawaambia kwamba karatasi hizo zikishuka Dar es Salaam zitapanda barabara hadi Mafinga, mlango wa msitu wa Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Tunawapelekea samaki watu wa Mwanza. Mwenyekiti akasema hilo nalo linavutia sana.

Nauli ya kontena peke yake ni maelfu ya dola. Nilipiga hesabu ya madawati ambayo fedha hiyo ingenunua, mgongoni mwa boksi, nikaonyesha. Mzee mmoja, seremala mstaafu, aliisoma mara mbili, akanyamaza, akaenda kumwita mhasibu. Huyo mzee ndiye tumaini letu.

Kuna blanketi za viraka walizoshona wenyewe kina mama majira yote ya theluji, nzito na imara. Hizo nimezipanga mlangoni mwa kontena ili zitoke kwanza. Masweta nimeyarudisha usiku, yako chini ya nguo za kuogelea.

Sasa fanya hivi. Tafuta wakala wa forodha mapema na uombe msamaha wa kodi kabla meli haijafika, maana msaada nao hutozwa na mzigo ukilala bandarini utalipia. Barua ya shukrani uandike, lakini safari hii weka bei ya dawati moja kwa dola, na gharama ya fundi, ukurasa mzima, uitume kwangu niisome mbele ya ibada, yule seremala akiwepo. Na vichongeo vile ni vya volti 120. Msivichomeke.

Mpwa wako