Kitabu cha Kilo Mbili

Wewe endelea kununua vitabu vya programu kwa uzito, kama nyama buchani. Hicho kinene kinachoahidi kukufanya bingwa kwa siku 21, chenye picha ya skrini kila baada ya aya mbili, kinapendeza sana sebuleni. Mgeni akiingia tu anajua hapa anakaa mtaalamu. Shida ni siku utakayotaka kujua kitu kimoja kidogo ukiwa kazini. Siku hiyo omba ruhusa kabisa.

Brian Kernighan na Dennis Ritchie walitoa kitabu chao cha lugha ya C mwaka 1978. Toleo la pili, la 1988, halifiki hata kurasa 300. Ritchie ndiye aliyeibuni lugha yenyewe, lakini labda hakuwa na mengi ya kusema, masikini. Na faharasa yao ina utani: tafuta ujirudiaji, utaelekezwa kurasa kadhaa, mojawapo ni ya 269, yaani hapohapo kwenye faharasa unaposoma. Ya kitabu chako nimeifungua pia. Imeandikwa, "printf: tazama Uchapishaji." Uchapishaji haumo.