Kitumbua Kimoja, Shilingi Mia Tatu

Tangu elimu bila ada ilipoanza nchini Januari 2016, neno "mchango" hutamkwa kwa tahadhari kwenye vikao vya wazazi. Ukilitaja tu, nusu ya kikao hukumbuka kwamba ina msiba. Ndiyo maana kamati yetu, ilipotaka tangi la maji la lita 2000 kwa ajili ya vyoo vya watoto, haikuomba mchango. Iliomba vitafunwa. Kila mzazi apike alichojaliwa, tuuze siku ya wazazi, hela iende kwenye tangi.

Hapo ndipo nilipowajua wenzangu. Mtu ambaye shilingi elfu tano humtoka kwa machozi alinunua unga, mayai, siagi na gesi vya zaidi ya elfu ishirini, akaoka keki ya kuuzwa elfu kumi. Kisha akaipakia kwenye bodaboda. Ilifika imeegemea upande mmoja kama mzee aliyesinzia kwenye daladala.

Orodha ya nani analeta nini tuliiweka kwenye kundi la WhatsApp. Kila mtu aliinakili, akajaza lake, akaibandika upya, bila kuangalia kama ameshika ya leo au ya juzi. Majina yakapotea, mengine yakajirudia, na mwishowe shule nzima ilikuwa inaleta maandazi, isipokuwa baba mmoja aliyekuwa bado anatutumia maua ya waridi ya "Asubuhi njema". Nikawasihi: jamani, wengine mbadilishe. Mama Mapacha akajibu upesi, "Sawa katibu. Basi ya kwangu nitayatia iliki."

Mimi nilijitwisha vitumbua. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na kwetu anayepeleka maandazi kwenye shughuli huulizwa kama anaumwa. Mchele niliuloweka mapema, nazi nikaikuna, tui likakaa tayari. Nikaushika waya wa blenda, umeme ukakatika. Sasa mchele uliokwisha kulowa hausubiri mafundi wa umeme. Nikaenda kwa jirani mwenye kinu, tukatwanga kwa kupokezana hadi saa sita usiku, naye kila akipokea mchi ananiuliza, "Lakini shoga, kwa nini usingetoa tu hela?"

Swali zuri. Ila saa sita usiku, unga umekujaa hadi kwenye nyusi, si la kuulizwa mtu.

Alfajiri nikateleka chuma. Kitumbua cha kwanza kiling'ang'ania, nikakichokonoa kwa kijiti kikatoka vipande vitatu, wanangu wakaviwahi. Vilivyofuata viliumuka vizuri, kahawia ukingoni, japo ukitafuna unakutana na chenga za mchele. Nikavijaza kwenye hotpoti na kuwaambia wateja kwamba hayo ndiyo mapishi ya asili.

Wateja wenyewe sasa. Wazazi walikuja na noti za elfu kumi, watoto na sarafu za mia mbili, sisi hatuna chenji. Halafu nje ya geti amekaa mama anayeuza vitumbua miaka yote, vya moto, mia mbili kimoja, wakati vya kwetu vimepoa na ni mia tatu. Watoto si wajinga. Tulimtumia mjumbe akamweleze habari za tangi. Mjumbe alirudi anatafuna.

Ikabidi tumkaribishe ndani na jiko lake kwa makubaliano ya kugawana, na ukweli usemwe, yeye peke yake alituingizia zaidi kuliko meza nzima ya maandazi. Mgeni rasmi alifika vikiwa vimebaki viti. Alihutubia, akatoa ahadi, akakabidhiwa keki iliyoegemea. Keki ameshaila. Ahadi tunaifuatilia.

Maandazi yaliyobaki tuliuziana wenyewe, kila mmoja akikwepa kununua ya kwake.

Tangi tumelinunua na maji yanatoka. Hesabu ilipofungwa kulikuwa na pengo, nalo liliziba jioni ileile kwa fedha taslimu, mara tu mwenyekiti alipotangaza kwamba zisipotimia tutapika tena.

Aliyeondoka na hotpoti yangu ya bluu, tafadhali aiache kwa mlinzi getini. Vitumbua vilivyokuwemo nimemsamehe.