Unakimbizwa na Nani?

Hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mtu mzima akikimbia, watu hawatazami miguu yake. Wanatazama nyuma yake, wamwone anayemfukuza. Wasipomwona, wanamtunga: askari, watu wa ushuru, mdai, au mume wa mtu.

Sifa ya Kenya katika riadha ni ya kweli, lakini mwenyewe ni Bonde la Ufa. Sisi wa magharibi tuligawiwa mpira na mafahali wa kupigana. Hata Joshua Cheptegei, jirani yetu wa Kapchorwa aliyemaliza mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35 kule Monaco mwaka 2020, ni wa ng'ambo, miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda. Mlima wenyewe tunauona asubuhi, mawingu yakikubali. Kipaji ndicho hakijavuka. Pengine kimekwama kwenye foleni ya malori.

Daktari aliponiambia nipunguze tumbo, nilianza na barabara ya lami. Haikufaa. Malori yanayongoja kuingia Uganda yamejipanga pembeni, utingo wanachemsha chai chini ya matrela, na katikati wamejaa watu wa boda boda. Biashara hiyo ilianzia hapa mpakani, Busia, kwa baiskeli, miaka ya 1960, na warithi wake hawaamini kwamba binadamu anaweza kuamua tu kutumia miguu.

"Mkubwa, panda twende."

"Nafanya mazoezi."

"Panda, utalipa kesho."

Huyo alinifuata hadi Amagoro kwa gia ya kwanza, akinihurumia kwa sauti.

Ndipo nikaona kwenye simu mbio za Sierre-Zinal, kilomita 31 za milima ya Uswisi, zinazofanyika tangu 1974 na ambazo Wakenya wetu huenda kuwatoa jasho Wazungu. Watu wanapita katikati ya misonobari, wananchi wanawapigia makofi. Nikajiambia, vijia tunavyo, vilima vya Chelelemuk vipo. Makofi yatakuja.

Tatizo ni kwamba huku kila kijia kizuri kina wenyewe. Njia za panya zimetengenezwa na watu wenye haja ile ile niliyokuwa nayo, kuikwepa lami. Zinapita kwenye migomba na mahindi, zina kivuli, hazina gari, zinashuka polepole hadi Mto Malaba. Mpaka wenyewe si mkongwe hivyo. Hadi 1902 sehemu hizi zilihesabiwa Uganda, na mtu angeweza kukimbia kutoka hapa hadi Naivasha bila kutoka nchini. Leo nikikata kona vibaya kwenye shamba la mihogo ninaulizwa kitambulisho, nami nimevaa kaptula isiyo na mfuko.

Asubuhi moja, jua bado halijakaza, nilimwona mbele yangu mama mmoja na trei sita za mayai ya Uganda kichwani. Nilikuwa nahema kwa kishindo. Akageuza shingo kidogo tu, trei zisitikisike, akaniona. Akakaza leso kiunoni, akatimka.

Nikaona aibu kumtisha mzazi wa watu. Nikapaza sauti, "Mama, simama!" Sasa, katika vijia vile, hayo ndiyo maneno yanayosemwa na mtu mmoja tu, naye huwa na bunduki. Mama akaongeza mwendo. Nami nikaongeza, nimfikie nimweleze. Vijana wawili waliokuwa wakisukuma baiskeli ya sukari wakatuona tukija, hawakuuliza kitu, wakajiunga. Baada ya kona ya pili tulikuwa kundi zima, mimi nikiwa wa mwisho, na nafasi kati yangu na wenzangu ikizidi kupanuka. Mama alikuwa na kandambili. Mayai 180, halikuvunjika hata moja.

Nilimkuta chini ya mwembe, amekwisha kutua mzigo.

"Wako wapi?" akauliza.

"Kina nani, mama?"

"Hao wanaokukimbiza."

"Hakuna mtu. Nakimbia kwa ajili ya mwili."

Akalitazama tumbo langu, akashuka hadi kwenye viatu. "Na hivyo umenunua pesa ngapi?"

Nikamtajia bei. Akasonya. "Mwanangu, kwangu kuna jembe. Uje ulitumie bure."

Nikahamia Busia kwa shemeji yangu, nikidhani huko hawanijui. Kijia cha kando ya Mto Sio kilianza vizuri, kikaingia kwenye mafunjo, kikaninyang'anya kiatu cha kushoto. Watoto walitokea sijui wapi. Mmoja alizamisha mkono hadi begani, akakitoa, lakini hakunikabidhi. Alitaka shilingi hamsini, ushuru wa kuvusha kiatu. Nikalipa. Mtoto wa mpakani huyo, hana haja ya kwenda chuo cha forodha.

Safari iliyonipa raha kweli ni ya Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk. Ni pango la mwamba lililotangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2004, ukutani kuna ng'ombe na maduara yaliyochorwa na watu wa kale. Chini yake wataalamu walichimba wakapata kunde zenye umri wa miaka kama 2,300, na wimbi la miaka isiyopungua 1,000. Nilisimama pale nimeshika magoti, nikiwa na uhakika kwamba hakuna hata mmoja kati ya wakulima wale aliyewahi kupanda kilima kile kwa sababu ya uzito.

Nikishuka, niliwakuta wazee chini ya mti wamezunguka nyungu ya ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Wimbi lile lile, bado liko kazini. Hakuna aliyekuwa akihema.

"Yoga," nikawasalimia kwa Kiteso.

"Yoga noi. Gari limekuharibikia wapi?"

Nikaeleza kwamba nimekimbia kutoka Malaba, nikaona ng'ombe wa mwambani. Mzee mmoja akauondoa mrija mdomoni, jambo ambalo naambiwa halifanywi ovyo. "Kwangu wako wa kweli," akasema. "Ungepitia tu."

Wakanong'onezana kwa Kiteso, kofia ikazunguka, wakaichangia nauli yangu. Boda boda ikaitwa kwa simu. Aliyekuja ni yule wa Amagoro.

"Si nilikuambia, mkubwa?"

Nikapanda.

Lakini sijaacha, tumbo nalo halijaacha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mzigo wako kwenye vijia vya huku, ukasikia viatu vinakuja nyuma yako, tega sikio kwanza. Askari hahemi hivi. Shika mayai yako vizuri, nipishe kidogo, tusalimiane.