Muulize Shangazi wa Sakina

*Shangazi, habari za kazi. Mimi ni dereva wa watalii, nimeanza kwenda porini kabla simu za mkononi hazijafika Arusha. Juzi niko Lango la Naabi na wageni, binti wa ofisini ananitumia ujumbe: "Mzee ratiba imebadilika, cheki grupu." Hakuna shikamoo, hakuna pole ya safari. Nimeapa sifungui hilo grupu mpaka aje kuniomba radhi.*
*Mzee wa Kruza, Ngaramtoni*

Shikamoo baba. Kwanza niambie, wageni walilala wapi? Maana kama walihamishiwa Ndutu na wewe ukanyoosha Seronera, hiyo shikamoo imekula dizeli, na tipu imekwenda nayo.

Halafu tusidanganyane. Ni nyinyi mliokuwa mkimwita simba "sharubu" redioni, mgeni asije akashtukia mapema akaanza kusimama kwenye kiti. Lini mlisalimiana kwanza? "Sharubu wawili, kushoto, ukivuka korongo." Basi, umeshageuza gari, wala hukumuuliza mwenzako kaamkaje. Binti naye alikuwa redioni, baba. Fungua grupu. Ukirudi mjini mwite pembeni, mwambie shikamoo yako unaidai asubuhi, ofisini, ana kwa ana. Atakupa, tena na chai.

*Shangazi mambo! Naongoza wageni Mlima Meru, bado mgeni kazini. Kiongozi wangu nikimuuliza lolote ananijibu "utajua ukikua." Nina miaka 27.*
*Chalii wa Usa River*

Mambo utamsalimia mdogo wako. Marahaba.

Hapo mzee amekosea, nasema wazi. Mlima wenye nyati, hadi mnapandishwa na askari mwenye bunduki kutoka Momella, mtu hajibiwi "utajua ukikua." Anaweza asikue.

Ila na wewe unamuulizia wapi? Kama ni mbele ya wageni, yeye anaona unamfanyia usaili. Subiri mfike Miriakamba, watu wameshakula, mmiminie chai. Usianze na "kwa nini." Anza na "mzee, hivi enzi zenu mvua ikiwakuta huku juu mlikuwa mnafanyaje?" Atakuanzia mbali: mwaka ule, mgeni yule, ng'ombe wa mahari ya kaka yake. Vumilia, jibu lako limo humo katikati. Na simu ikae mfukoni. Akiona unamrekodi, ataanza kuongea kama mkuu wa wilaya.